Kazi za msaada wa uendeshaji gerezani

Kazi za msaada wa uendeshaji gerezani ni zile kazi zinazoliwezesha gereza kwenda siku hadi siku, ambazo anayezifanya si lazima awe msimamizi wa wafungwa. Miongoni mwake ni kulinda lango, kuandikisha wanaoingia na wanaotoka, kutunza majalada, kuhesabu siku za vifungo, kupekua wageni na vifurushi, kuendesha magari ya kupeleka mahabusu mahakamani, kusikiliza redio ya mawasiliano, na kutunza bohari na jiko.

Huko Uingereza na Wales kuna daraja maalumu la watumishi wa aina hii. Huvaa sare, hukaa langoni na kwenye chumba cha mawasiliano, hukagua barua na kuendesha magari, lakini hawapewi dhamana ya kusimamia wafungwa. Tanzania Bara haina daraja kama hilo. Kazi hizo hufanywa na askari wa Jeshi la Magereza, wakisaidiwa na watumishi raia wachache na, kwa kazi za jikoni na usafi, na wafungwa wenyewe. Askari aliye langoni leo anaweza kuwa shambani na kundi la wafungwa kesho. Kwa upande wa Zanzibar magereza si jambo la Muungano. Huko huitwa Vyuo vya Mafunzo na vina utumishi wao.

Makala hii inaziangalia kazi hizo hasa katika mikoa ya Shinyanga na Geita, yaani nchi ya Wasukuma yenye migodi ya dhahabu na almasi. Mikoa hii ina magereza ya wilaya mjini Shinyanga, Kahama na Geita. Gereza kuu lililo karibu ni Butimba, jijini Mwanza.

## Maneno na asili yake

Neno gereza lina historia ya kushangaza kidogo. Wataalamu wa lugha hulihusisha na neno la Kireno "igreja", maana yake kanisa. Wareno walijenga ngome pwani ya Afrika Mashariki na kuweka makanisa ndani yake. Baadaye ngome hizo zikatumika kufungia watu, na jina likabaki kwenye kazi mpya. Ngome ya zamani iliyopo Kilwa Kisiwani inaitwa Gereza mpaka leo. Jela limetoka Kiingereza. Mahabusu limetoka Kiarabu, na kwa matumizi ya Tanzania ni mtu anayeshikiliwa akingoja kesi yake iamuliwe. Mfungwa ni yule aliyekwisha kuhukumiwa. Watu wengi huwaita wote wafungwa, na hilo ni kosa kubwa, kwa sababu mahabusu bado hajathibitika kutenda lolote.

Neno la nne ni la nyumbani kabisa. Nyapara, yaani mfungwa anayepewa kuongoza wenzake, linatokana na mnyampara, jina la viongozi wa misafara ya wapagazi wa Kinyamwezi katika karne ya 19. Wanyamwezi ni majirani wa karibu wa Wasukuma, kwa hiyo neno lililotoka bara hilihili limerudi Shinyanga likiwa na maana ya gerezani.

## Historia kwa ufupi

Wakati wa utawala wa Wajerumani wafungwa walikaa kwenye maboma, walifungwa minyororo na kufanyishwa kazi za barabara na majengo. Viboko vya "hamsa ishirini" vilikuwa adhabu ya kawaida. Waingereza walipochukua Tanganyika, magereza yalikuwa chini ya polisi hadi 1931, ndipo idara ya magereza ikatenganishwa. Tangu hapo kulihitajika watu wa kushika funguo na daftari kama kazi yao ya kudumu.

Baada ya uhuru ilitungwa Sheria ya Magereza ya 1967, ambayo ndiyo msingi wa kazi zote zinazoelezwa hapa. Mwaka 1974 lilianzishwa shirika la uzalishaji mali la magereza, likaongeza kazi za bohari, mahesabu na usafirishaji wa mazao na samani. Sheria ya Bodi za Parole ilifuata 1994, na ya Huduma kwa Jamii 2002. Kila sheria mpya ilimwongezea karani wa gereza fomu nyingine ya kujaza.

Kuna tukio moja la mkoa wa Shinyanga ambalo mwanafunzi wa somo la uraia anapaswa kulijua. Mwaka 1976 vyombo vya dola viliendesha operesheni ya kuwasaka watu waliotuhumiwa kwa mauaji yaliyohusishwa na imani za uchawi katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Watuhumiwa waliteswa, na baadhi yao walikufa wakiwa mikononi mwa polisi na maofisa wa usalama. Mwanzoni mwa 1977 Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu ili kubeba dhamana ya kisiasa, ingawa hakuwa ameagiza mateso hayo. Baadaye, mwaka 1985, alikuwa Rais. Tukio hilo hutajwa sana kama mfano wa uwajibikaji wa viongozi, na ni sawa. Hata hivyo lina upande mwingine usiotajwa sana: mtu akishakamatwa, usalama wake unategemea maandishi ya yule anayempokea. Nani amemleta, saa ngapi, akiwa na majeraha gani? Pale ambapo hayo hayakuandikwa, hakuna anayeweza kuulizwa baadaye.

## Langoni

Mlinzi wa lango ana kazi inayoonekana rahisi kuliko zote. Anafungua, anafunga, anaandika. Magereza yaliyojengwa vizuri huwa na milango miwili inayofuatana, na kanuni ni kwamba haifunguliwi yote kwa pamoja. Kila mtu anayepita huandikwa: mfungwa, askari, hakimu, padri au shehe, fundi wa umeme, dereva wa lori la mahindi. Huandikwa saa aliyoingia na saa aliyotoka, na jioni idadi lazima ilingane.

Hesabu ya watu ndiyo moyo wa kazi hii. Wafungwa na mahabusu huhesabiwa asubuhi wanapofunguliwa, wanapotoka kwenda kazini au mahakamani, wanaporudi, na jioni kabla ya kufungiwa. Idadi ya walio selo, walio jikoni, walio hospitali, walio mahakamani na walio shambani ikijumlishwa, lazima ipatikane ileile iliyo kwenye daftari. Ikipungua mtu mmoja, kila kitu husimama mpaka apatikane au ijulikane alipo. Mara nyingi aliyepungua hakutoroka. Amelazwa hospitali na karatasi yake imebaki mfukoni mwa askari aliyempeleka.

Mlinzi wa lango ni mmoja wa watu wachache gerezani wanaoweza kumzuia aliye juu yao kwa cheo. Mkubwa asiye na ruhusa ya kuingia na silaha ndani ya uzio hapaswi kuingia nayo, na anayetakiwa kumwambia hivyo ni askari wa cheo cha chini. Hilo linahitaji ujasiri usiofundishwa darasani.

## Mapokezi

Hakuna mtu anayeweza kupokelewa gerezani bila hati halali ya mahakama au mamlaka nyingine inayotambuliwa na sheria. Kanuni hii imo katika sheria ya Tanzania na katika kanuni za Umoja wa Mataifa za kuwatendea wafungwa, zilizopitishwa mara ya kwanza 1955 na kufanyiwa marekebisho 2015, ambazo siku hizi huitwa Kanuni za Mandela. Karani wa mapokezi husoma hati kabla ya kumtazama mtu: jina, namba ya kesi, mahakama, kosa, saini, muhuri, tarehe. Hati isiyo na muhuri hurudishwa pamoja na aliyeletwa nayo. Wakati mwingine ni saa kumi na moja jioni, hakimu amekwisha kuondoka, na gari la polisi limo langoni likiunguruma. Askari aliyekubali kupokea "kwa muda tu, hati itakuja kesho" amevunja sheria, hata kama alifanya hivyo kwa wema.

Baada ya hati, mtu hupekuliwa. Mwanamke hupekuliwa na askari wa kike peke yake, mahali pasipoonekana na wanaume. Fedha, simu, saa na nguo zake huandikwa kwenye daftari la mali naye hutia saini au dole gumba. Huulizwa kama ni mgonjwa, kama anatumia dawa, kama ana mtoto anayenyonya. Mama mwenye mtoto wa namna hiyo anaweza kuingia naye. Majeraha huandikwa. Kisha hupangwa pa kukaa: wanawake mbali na wanaume, vijana mbali na watu wazima, mahabusu mbali na wafungwa. Penye nafasi ndogo utenganisho huu ndio wa kwanza kulegea, na karani wa mapokezi hulijua hilo mapema kuliko wengine.

Katika ukanda wa dhahabu swali la ugonjwa lina uzito wa pekee. Wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, Rwamgasa au Mgusu huvuta vumbi la mawe kwenye maduara kwa miaka, na mapafu yaliyoharibiwa na vumbi hushikwa upesi na kifua kikuu. Wachimbaji na wafungwa wote wamo katika makundi ambayo mpango wa taifa wa kudhibiti kifua kikuu huyahesabu kuwa hatarini zaidi. Mtu mmoja anayekohoa akiingizwa bila kuulizwa katika chumba kilichojaa watu, ugonjwa unaweza kuenea kwa wenzake, kwa askari, na kwa familia za askari zinazoishi kambini. Kumwuliza kila anayeingia kama amekohoa wiki mbili mfululizo, kama anatoka jasho usiku, na kama amepungua uzito, ni maswali ya dakika moja.

Jambo la pili ni majina. Wasukuma hutoa majina kufuatana na namna mtoto alivyozaliwa. Pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto, na anayezaliwa baada ya mapacha ni Shija. Mabula amezaliwa wakati wa mvua. Kwa hiyo majina machache huwarudia watu wengi mno, na si ajabu gereza moja kuwa na watu watatu wenye jina moja na jina moja la baba. Zaidi ya hapo, wachimbaji hujulikana kwa majina ya utani machimboni, na wengine hutoa jina lingine polisi. Karani mzuri hategemei jina. Huandika kijiji na kata ya kuzaliwa, jina la mama, umri, makovu, namba ya kesi, na huchukua alama za vidole. Siku amri ya kumwachia "Masanja Kulwa" inapofika, huita kwa jina lakini hutoa kwa namba ya kesi na alama. Akikosea, mtu asiyestahili ataondoka, na mbaya zaidi, yule aliyeachiwa na mahakama atabaki ndani bila kujua kwamba alikwisha kuachiwa.

## Hesabu ya siku

Mwanafunzi aliyewahi kulalamika kwamba hesabu za sehemu hazina faida maishani aiangalie kazi hii. Chini ya Sheria ya Magereza, mfungwa mwenye kifungo kinachozidi mwezi mmoja hupata punguzo la theluthi moja ya kifungo chake, akiwa na mwenendo mzuri na kufanya kazi. Aliyefungwa maisha hana theluthi ya kuhesabiwa. Anayekosa nidhamu anaweza kupoteza sehemu ya punguzo hilo.

Chukua mfano. Mtu amehukumiwa tarehe 4 Mei 2023 kwa makosa mawili, la kwanza miezi 18 na la pili miezi 12. Kama hakimu ameamuru vifungo viende pamoja, kifungo kinachohesabiwa ni miezi 18. Theluthi yake ni miezi 6. Atatumikia miezi 12, na siku yake ya mwisho ni 3 Mei 2024. Lakini kama hakimu ameamuru kimoja kianze baada ya kingine kwisha, jumla ni miezi 30, theluthi yake ni miezi 10, atatumikia miezi 20, na siku ya mwisho ni 3 Januari 2025. Tofauti ni miezi minane, na imetokana na maneno mawili matatu kwenye hati, pengine yaliyoandikwa kwa mkono na kalamu inayokwisha wino. Karani asipoyaona, au akiyakisia badala ya kurudi mahakamani kuuliza, amemfunga mtu miezi minane ambayo hakuna hakimu aliyeitamka, au amempunguzia miezi minane ambayo mahakama iliitamka.

Kwa sababu hiyo tarehe ya kutoka haipaswi kuhesabiwa na mtu mmoja. Huhesabiwa na karani, huhakikiwa na mwingine, hutiwa saini na mkuu wa gereza, na mfungwa huambiwa. Mfungwa mwenyewe ndiye mhakiki mkali kuliko wote. Hata asiyejua kusoma huijua tarehe yake, na akisema "mwandishi, mmekosea", inafaa jalada lifunguliwe tena mbele yake.

Hesabu hubadilika njiani. Rufaa inaweza kupunguza kifungo au kukifuta. Ndugu wanaweza kulipa faini mahali ambapo hukumu ilikuwa "faini au kifungo", na malipo yakithibitishwa mtu hutoka. Bodi ya parole inaweza kukubali maombi. Wengine huhamishiwa kifungo cha nje au huduma kwa jamii, wakafanya kazi za umma huku wakilala kwao. Na kuna msamaha wa Rais, ambao Katiba inampa mamlaka katika ibara ya 45 na ambao hutolewa mara nyingi kwenye sikukuu ya Uhuru. Tarehe 9 Desemba 2019, sherehe hizo zilipofanyika Mwanza, Rais John Magufuli alitangaza msamaha kwa wafungwa 5,533 nchi nzima. Hotuba ilichukua dakika chache. Nyuma yake kulikuwa na makarani wa magereza zaidi ya 120 waliopaswa kupitia jalada moja baada ya jingine kuona nani anaingia katika masharti na nani haingii.

## Karandinga na njia ya mahakamani

Gari la kubebea mahabusu huitwa karandinga. Dereva wake na askari wa msafara huanza kazi kabla ya jua kuchomoza kwa kulinganisha orodha ya mahakama na watu waliopo. Kwa kawaida mahabusu hurudishwa mbele ya hakimu kila baada ya siku 14 hivi, kwa sababu sheria hairuhusu akae muda mrefu gerezani bila kesi yake kutajwa. Mara nyingi jibu linalotolewa ni lilelile linalojulikana na kila Mtanzania: upelelezi haujakamilika. Hurudi jioni na tarehe nyingine.

Kesi za mauaji na za unyang'anyi wa kutumia silaha hazina dhamana, na Shinyanga na Geita zimekuwa nazo kwa wingi: ugomvi wa machimboni, uvamizi wa wanunuzi wa dhahabu, mauaji ya vikongwe waliosingiziwa uchawi kwa ajili ya macho mekundu yaliyotokana na moshi wa jikoni, na mauaji ya watu wenye ualbino. Mnamo Septemba 2009 Mahakama Kuu ikikaa Kahama iliwahukumu kifo watu watatu katika kesi ya mauaji ya mtu mwenye ualbino, na ilikuwa hukumu ya kwanza ya namna hiyo iliyovuta macho ya ulimwengu. Mauaji husikilizwa na Mahakama Kuu, na mtuhumiwa anaweza kukaa mahabusu miaka. Katika miaka ya 2010 magereza ya nchi, yenye nafasi za watu karibu 30,000, yalizidiwa na maelfu ya watu, na karibu nusu ya waliokuwemo walikuwa mahabusu. Rais Magufuli alipotembelea Butimba Julai 2019, malalamiko aliyoyasikia kutoka kwa mahabusu yalikuwa hasa ya kucheleweshwa na kubambikiwa kesi.

Kwa upande wa uendeshaji, msongamano huo una maana ya kilomita. Kahama mpaka Shinyanga mjini ni takribani kilomita 100. Geita kwa muda mrefu ilikuwa chini ya kanda ya Mahakama Kuu ya Mwanza, na njia fupi ilipita kivuko cha Kigongo–Busisi. Gari lenye mahabusu lililosubiri kivuko kwenye foleni, katikati ya wachuuzi wa samaki na abiria, ni hali ambayo askari yeyote wa msafara angeiepuka kama angeweza. Daraja la hapo, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, lilifunguliwa Juni 2025. Gari likiharibika au likikosa mafuta, kesi huahirishwa, na wanaoumia ni waliobaki ndani, si dereva. Tangu 2020 mahakama zimetumia zaidi kesi kwa njia ya video, mahabusu akiwa gerezani na hakimu mahakamani. Pale inapofanya kazi huokoa safari nyingi, lakini imeleta kazi mpya ya kushughulikia mitambo, umeme na mtandao.

## Wageni na vifurushi

Siku ya wageni langoni hukusanyika kina mama wenye vikapu. Askari huandika jina la mgeni na la anayetembelewa, hupekua, huonja au humtaka mgeni aonje chakula alicholeta pale kinaporuhusiwa, hukata mkate, hupasua sabuni ya mche. Wageni wengi huona hayo ni dharau. Si hivyo, kwani simu, bangi na fedha hupitia humo; lakini namna ya kuyafanya inaweza kuwa dharau, na tofauti iko katika maneno. "Mama, samahani, naomba tufungue" ni upekuzi uleule.

Lugha ni tatizo halisi hapa. Askari hupangiwa vituo nchi nzima. Kijana kutoka Mtwara au Rungwe hujikuta Geita akisimamia mazungumzo ya bibi kizee na mjukuu wake yanayofanyika kwa Kisukuma. Sheria inamtaka asikie kinachosemwa. Wengine huwalazimisha watumie Kiswahili, na bibi anabaki kimya muda wake wote. Vituo vyenye busara humweka anayejua Kisukuma zamu ya siku hiyo, na askari wageni hujifunza angalau salamu: mwangaluka asubuhi, mwadila mchana na jioni.

Upande wa pili wako wasio na mgeni kabisa. Machimbo huvuta vijana kutoka Kigoma, Mara, Singida, hata Burundi na Kongo. Akikamatwa kwa kuingia eneo la mgodi au kwa wizi wa mawe ya dhahabu, kwao hawana habari. Barua yake, au ujumbe unaopelekwa na ofisa ustawi, ndiyo njia pekee ya ndugu kujua kwamba yu hai. Kwa hiyo askari anayechelewesha barua ya mtu kama huyo hana haki ya kusema amechelewesha karatasi tu.

## Bohari, maji na kuni

Mtunza bohari hupokea unga, maharage, chumvi, mafuta, sabuni, mablanketi na sare, na hutoa kwa idadi ya siku hiyo. Idadi ya lango ikikosewa, na ugali unakosewa. Shinyanga ni nchi kame. Maji ya Ziwa Viktoria yalifikishwa Kahama na Shinyanga kwa bomba mwaka 2009, na kabla yake ndoo za maji zilikuwa sehemu kubwa ya kazi za kila siku. Kuni nazo zilikula siku za kazi za wafungwa na askari. Baada ya Serikali kuagiza taasisi zinazolisha watu wengi kuachana na kuni na mkaa kuanzia 2024, Wakala wa Nishati Vijijini ulitiliana saini na Jeshi la Magereza mwaka huohuo ili magereza yahamie kwenye gesi na nishati nyingine safi.

## Vishawishi

Askari wa lango huko Geita anaishi kwa mshahara wa askari katika mji ambao mtu anaweza kupata gramu kadhaa za dhahabu usiku mmoja. Mwenye fedha akiwa ndani, ndugu zake huwa na subira na ukarimu mwingi kwa walio nje. Huanza na kitu kidogo, soda ya siku ya joto. Halafu simu ya dakika moja. Halafu kifurushi kisichofunguliwa. Aliyekwisha kupokea soda ni vigumu kukataa kifurushi. Sheria ya kuzuia rushwa ya 2007 inawahusu askari kama watumishi wengine, na anayeruhusu mtu atoroke, kwa kusudi au kwa uzembe, anaweza kujikuta kizimbani mwenyewe. Mwandishi amewahi kumfundisha kijana aliyefika huko. Alikuwa hodari wa hesabu na mpole, wala hakuwa mwizi. Alishindwa tu kusema hapana mara ya kwanza.

Kuna kishawishi cha namna nyingine, cha kuzoea. Mtu anayefungua mlango uleule mara mia kwa siku huacha kuona wanaopita. Kubadilisha zamu na malindo kila baada ya muda kunasaidia, ingawa vituo vyenye askari wachache hushindwa kufanya hivyo.

## Kuingia katika kazi

Matangazo ya ajira ya Jeshi la Magereza ya miaka ya karibuni humtaka mwombaji awe raia wa Tanzania, amehitimu kidato cha nne au cha sita, kijana asiye na kumbukumbu ya jinai wala michoro mwilini. Umri wa juu na sharti la mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa hutajwa katika kila tangazo. Maombi hupelekwa kwa njia ya mtandao. Wenye fani hutafutwa pia: madereva, mafundi bomba, umeme na uashi, wauguzi, wataalamu wa kompyuta, mifugo na kilimo. Anayechaguliwa hupata mafunzo ya awali, na Kiwira mkoani Mbeya ni chuo kinachojulikana zaidi kwa hilo. Maofisa husoma Ukonga, Dar es Salaam. Huanza na cheo cha askari, akapanda kwa koplo, sajini, sajini taji na sajini meja, na akipata kozi ya uofisa huingia ngazi za ukaguzi na urakibu. Tume ya Rais ya kuangalia taasisi za haki jinai, iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman na kukabidhi taarifa yake Julai 2023, ilihusisha magereza pamoja na polisi.

Anayefikiria kuomba ajue pia kwamba hachagui kituo. Anaweza kupelekwa shamba la magereza lisilo na mji karibu, akaishi kambini pamoja na familia yake, ambapo kengele ya kuhesabu wafungwa ndiyo saa ya watoto kwenda shule.